Kombe Aliyeugua Nyegezi

Kila mchana, kengele ya shule ikishalia, Raya alipanda kilima cha Nyegezi peke yake, akiyazunguka mawe makubwa, hadi nyumbani. Alifungua mlango kwa ufunguo aliouvaa shingoni, akavua sare, akapasha kiporo kwenye jiko la mkaa, akala na kuoga. Kisha alijipaka mafuta ya nazi ambayo mama yake alimtumia kutoka Tanga. Alijipaka mengi, hasa mikononi, kwa sababu yalinukia kama kwao. Baada ya hapo hapakuwa na jambo la kufanya wala mtu wa kufanya naye.

Walikuwa wamehamia Mwanza mwaka huohuo. Viwanda vipya vya minofu ya sangara vilikuwa vinafunguliwa kando ya ziwa kimoja baada ya kingine, na baba yake, Mzee Rahim, fundi wa majokofu, alipata kazi katika kimojawapo. Mama alibaki Tanga kumuuguza bibi. Shuleni hakuna aliyemfanyia Raya ubaya mkubwa. Wenzake walimcheka kidogo, wakaiga jinsi anavyovuta maneno, kisha wakaenda kucheza rede bila kumwita. Kuchekwa aliweza kuvumilia. Kilichomuuma ni kwamba wakishamcheka walimsahau.

Sebuleni kwao kulikuwa na kitu ambacho hakikuonekana katika nyumba nyingine mtaani. Majirani walifuga kuku na mbuzi. Mzee Rahim alifuga bahari. Ilikuwa ndani ya tangi la kioo, refu kama kitanda cha mtoto, lenye matumbawe, samaki wadogo wa rangi na kombe mmoja mkubwa. Kombe ni mnyama anayeishi kati ya magamba mawili mazito, na huyu alipoyafungua alionyesha nyama laini ya samawati yenye madoa ya kijani. Mzee Rahim alimleta ndani ya ndoo, akaipakata kwenye treni safari nzima. Maji yalipochafuka, aliwaomba madereva wa malori ya kiwanda waliopeleka minofu bandarini pwani wamletee madumu ya maji ya bahari. Watu wa Nyegezi walishindwa kumwelewa. Ziwa zima lilikuwa pale chini, na bwana huyu aliagiza maji.

"Tazama utakavyo," alimwambia binti yake, "lakini usitie mkono humu."

Raya alitii kwa muda. Kisha upweke ukamzidi. Siku moja aligonga kioo, akasema, "Hodi," akazamisha mkono na kugusa ukingo wa ile nyama ya samawati. Papo hapo kombe akajifunga. Raya akacheka kwa sauti, na sauti yake mwenyewe ikamshtua, maana ilikuwa ya kwanza kusikika mle ndani tangu asubuhi. Tangu siku hiyo alibisha hodi kila mchana, tena mara nyingi. Kombe alipojifunga, Raya aliona amejibiwa.

Mchana mmoja alikuja Ng'washi, msichana wa nyumba ya jirani, akiwa na kigae mkononi.

"Mama amenituma kuomba moto," alisema. Alipoliona tangi alisahau alichotumwa. Aliweka kigae chini, akasogea, mikono ameifunga nyuma. "Na huyu ni samaki?"

"Ni kombe."

"Anakula nini?"

"Baba anasema chakula chake kikubwa ni mwanga."

"Mwanga? Basi nyie hamna gharama."

Wakacheka wote wawili. Raya alimwambia asogee zaidi, lakini Ng'washi hakuifungua mikono yake. Mama yake alimkataza kugusa vitu vya watu, alisema. Alipoondoka na makaa yake aliahidi kurudi, na Raya akabaki mlangoni akimtazama mpaka akaingia kwao.

Wiki haikuisha kombe akaugua. Mzee Rahim alimkuta asubuhi ameachama, rangi yake imepauka. Alipitisha kiganja juu ya tangi ili kivuli kimwangukie. Kombe mzima hujifunga akiona kivuli. Huyu hakutikisika.

"Labda ni huu mgao wa umeme," Mzee Rahim alinong'ona. "Taa inazimika kila mara." Kisha akainama zaidi. Juu ya maji kulikuwa na utando mwembamba wa mafuta, uking'aa. "Raya, kuna mtu ametia mkono humu?"

"Sijui, Baba."

"Nani ameingia humu ndani siku hizi?"

"Ng'washi. Alikuja kuomba moto."

Kila neno la jibu la pili lilikuwa kweli, na jibu lenyewe lilikuwa uongo. Raya alilijua hilo wakati uleule, na hakulirekebisha.

Jumapili Ng'washi alirudi, safari hii na mapera kwenye kanga. Mzee Rahim ndiye aliyefungua mlango.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu, usiingie tena humu ndani. Vitu vya humu si vya kuchezea."

Ng'washi alimtazama Raya aliyesimama nyuma ya baba yake. Raya akatazama sakafu. "Sawa, baba," Ng'washi alisema, akaondoka na mapera yake.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote tangu Raya afike Mwanza. Njiani kwenda shule Ng'washi alimpita bila neno. Nyumbani, Mzee Rahim alibadilisha maji, akatandaza magazeti juu yake ili yanyonye mafuta, kisha akaenda kazini. Raya naye, kwa hofu kwamba kombe amekufa, alimgusa ili ahakikishe, akamgusa tena kesho yake. Kombe alijisogeza kwa shida, halafu akaacha hata kujisogeza.

Jioni moja Mzee Rahim aliingia na ndoo tupu. "Nimeshindwa," alisema. "Maji nimebadilisha, yule mtoto haji tena, na bado hali inazidi. Basi ugonjwa umo mwilini. Akifia humu ataoza na kuua samaki wote. Namtoa." Akakunja mikono ya shati.

Raya aliutazama mkono wa baba yake ukishuka majini. Alijua akinyamaza sasa, kombe atakufa kwa sababu yake, na Ng'washi atabaki na lawama maisha yake yote.

"Baba, usimtoe. Ni mimi. Namgusa kila siku."

Mzee Rahim aliutoa mkono taratibu. Alikasirika, ilionekana usoni, lakini alikaa chini kwanza. "Kila siku? Na mafuta hayo mikononi?"

"Ndiyo."

"Kwa nini, Raya?"

Machozi yalimtoka. "Nyumba hii ni kimya mno, Baba. Nikibisha hodi, yeye ndiye anayenijibu."

"Hakuwa anakujibu, mwanangu," alisema Mzee Rahim kwa sauti ya chini. "Alikuwa anakuogopa. Akijifunga hapati mwanga, na asipopata mwanga anakufa njaa."

Hakumtoa kombe. Walibadilisha maji tena, wote wawili, wakafunika tangi kwa wavu. Kisha Mzee Rahim akamshika Raya mkono, wakaenda kwa jirani. Mama yake Ng'washi alikuwa uani akichambua dagaa, binti yake pembeni.

"Mwanangu," Mzee Rahim alimwambia Ng'washi, "nilikufukuza kwa kosa ambalo si lako. Nisamehe." Mama aliacha kuchambua. Hakuzoea kuona mtu mzima akimwomba mtoto radhi.

"Ni mimi niliyetia mkono," Raya alisema. "Nikaacha ulaumiwe wewe."

"Nilijua ni wewe," alisema Ng'washi. "Siku ile nilipokuja, mkono wako ulikuwa umelowa mpaka kwenye kiwiko."

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja useme wewe."

Ng'washi hakutabasamu, lakini alisogea kidogo kwenye mkeka na kumsukumia ungo. Raya akakaa, akaanza kuchambua.

Kombe alichukua muda mrefu kupona. Mwanzo alianza tena kujifunga kivuli kilipopita, kisha akafunguka nusu, na baadaye rangi ya samawati ikarudi. Wasichana hao wawili walimtazama pamoja kupitia kioo, mikono nyuma. Na mchana, hadi baba yake arudi kutoka kazini, Raya alikaa kwa mama yake Ng'washi. Ndivyo wazazi walivyokubaliana.

Siku kombe alipofunguka kabisa, Mzee Rahim alimwita binti yake mbele ya tangi.

"Huyu nilikaribia kumtoa afe kwa sababu hawezi kusema anaumwa nini," alisema. "Wewe unaweza. Ukikosea, niambie mapema, kabla mwingine hajaumia. Na ukiwa mpweke, niambie pia. Hilo nilipaswa kukuuliza mimi, na sikukuuliza."