Ruta Iliyoita Mara Moja

Simu ya Mursal ilijiunga na waifai ya nyumbani siku ya Jumanne, baada ya Alasiri, wakati ule ule aliozoea kurudi kutoka dukani. Kasoro ilikuwa kwamba Mursal alikuwa amezikwa mwezi uliopita. Simu yenyewe, iliyosagwa na lori pamoja naye kwenye Barabara ya Kangundo, ilikuwa kabatini mwa dada yake Kawsar, imefungwa kwenye leso, haina kioo wala betri.

Kawsar aliliona jina kwenye simu ya mama yake. Marehemu mwenyewe ndiye aliyemwekea mama ile programu ya kuonyesha nani amejiunga, ili awanase majirani, maana hapa Pipeline ukimpa mtu mmoja nywila leo, kesho ghorofa nzima inatazama mpira kwa jasho lako. "Simu ya Mursal," iliandikwa, na kando yake alama ya kijani.

"Amefika," mama alinong'ona.

"Hooyo, mama yangu, mashine huchanganyikiwa."

"Nyamaza. Utamfukuza mwanangu."

Kawsar hakulia wala hakushtuka. Tangu mazishini moyo wake ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya. Alikwenda kazini Eastleigh kutengeneza ruta za watu, vile vidude vya kusambaza waifai, akarudi, akala, akalala.

Tangu siku hiyo mama alianza kumwekea marehemu sahani ya wali kando ya ruta. Kila baada ya Alasiri jina lilijitokeza, na chumba, ambacho hata mchana ni giza kwa sababu jengo la jirani limebanana na dirisha, kikajaa harufu ya udongo uliomwagiwa maji. Wali haukuguswa, ila ulikutwa umeota ukungu hata kabla chai haijachemka jikoni.

Kawsar akaamua kuyamaliza. Akaanza kupakia programu mpya kwenye ruta ili ifute kila kitu, na katikati ya kazi stima zikapotea, kama kawaida ya stima za Pipeline. Ziliporudi, ruta ilikuwa imekufa kabisa. Akaleta nyingine kutoka kazini, mama akaisukuma kando.

"Hiyo haimjui. Umemfungia ndugu yako mlango."

Mama akageukia ukuta, akaacha kula. Uji aliukataa, maji aliyanywa kwa kubembelezwa. Kawsar alitazama mikono yake ilivyokonda na akajua, bila kuhisi lolote, kwamba kama ile ruta haitafufuka atamzika na huyu.

Ndipo akamwita Maalim Dirie, aliyemsomesha yeye na Mursal Kurani wakiwa wadogo. Mzee alinusa hewa ya chumba, akamvuta Kawsar hadi mlangoni.

"Anayekuja si ndugu yako," alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini limeokota jina likalivaa. Hicho kidude kinafufuka?"

"Kinafufuka, Maalim. Kuna njia ya kuongea nacho kwa waya, hata kikiwa kimekufa."

"Basi kifufue, ufute lile jina, mama aone taa apate kula. Mimi nitakaa naye nisome. Lakini unakumbuka bibi yenu alivyowafunza?"

"Nikisikia naitwa mara moja nisiitike. Mtu huita mara tatu."

"Na asiye mtu?"

"Huita mara moja tu."

"Haya. Ingia kazini."

Kawsar alifungua kasha la ruta mezani chumbani kwake, akaunganisha waya tatu kwenye vipini vya ndani, vijiti vidogo vya chuma: mmoja wa kutuliza umeme, mwingine ambao ruta husemea, na mwingine ambao husikilizia. Kipini cha nne, chenye umeme, hakukigusa. Kazi hii alikuwa ameifanya mara nyingi hata akaichoka. Ukiwasha, ruta huandika maneno yake kwenye kioo cha kompyuta, halafu huhesabu sekunde chache za kukupa nafasi ya kubonyeza kitufe, uizuie na kuipakia programu nzima. Ukichelewa, inaanguka tena. Kwa hiyo fundi hungoja kidole kikiwa tayari juu ya kitufe, na ruta ikisema tu, anabonyeza. Hangoji kufikiri.

Aliwasha. Mistari ikaanza kuteremka kiooni, mistari ya kawaida, na upande wa pili wa ukuta Maalim alikuwa akisoma, mpaka ile harufu ya udongo ilipoanza kupanda kutoka chini ya meza, na sauti ya Maalim ikawa inasikika kama inatoka ghorofa ya chini, kisha ya chini zaidi, na kitu kikavuta pumzi polepole nyuma ya sikio lake huku mistari ikikimbia, ikikimbia, hadi yote ikafutika na pale ambapo ruta huanza kuhesabu likajiandika neno moja peke yake.

Kawsar.

Kidole kilikuwa kimeshabonyeza. Alikuwa ameitika.

"Haya," kioo kikaandika.

Kisha mambo yote yakaenda vizuri. Programu iliingia, taa zikawaka, jina la Mursal halikuwemo tena. Mama alizitazama taa, akaomba uji, akaumaliza.

"Ilikuita?" Maalim aliuliza, akivaa viatu.

Kawsar alimtazama mama akilamba kijiko. "Hapana, Maalim."

Wiki iliyofuata alikuwa akirudi kutoka kazini, akamkuta Whitney, jirani anayeuza sukuma wiki chini ya ngazi, amenuna.

"We Kawsar, si umepanda saa hii tu? Nimekusalimia ukaninyamazia. Kwani tumekosana?"

"Umenifananisha."

"Na hiyo buibui? Na huo mkoba? Aki wacha zako."

Alipanda. Harufu ya udongo ilimpokea kabla hajafika mlangoni. Ufunguo ulizunguka lakini mlango haukufunguka. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Mama alikuwa akicheka, kicheko ambacho hakijasikika tangu mazishi.

"Kula, Kawsar. Kazi imekuchosha, mwanangu."

"Hooyo!" Kawsar aliita.

Kicheko kikakatika. "Usiitike," mama akanong'ona kule ndani. "Ameita mara moja."

"Hooyo!"

"Ngoja kwanza," mama akamwambia yule wa ndani.

Alivuta pumzi aite mara ya tatu. Midomo ilifunguka, koo likasukuma, sauti haikutoka. Akajaribu tena, haikutoka. Alitaka kugonga, mkono ukabaki ubavuni.

"Umeona?" mama alimwambia yule aliyekuwa naye mezani. "Mtu angeita mara ya tatu." Akaja mlangoni akafunga na komeo la chini.

Kawsar alibaki amesimama pale kwenye ushoroba, akingoja kuogopa.