Suruali Iliyoning'inia Xintang

Mama mdogo wangu, Evaline, alikuwa akinunua jinzi Guangzhou na kuziuza Mbeya. Alipenda kuja Januari, siku za kukaribia mwaka mpya wa Wachina, wakati wateja wengine wameshaondoka na wenye viwanda wanataka kumaliza mzigo warudi kwao. Mimi nasoma huku, kwa hiyo nilikuwa nikimsindikiza na kumtafsiria. Nayasimulia haya kama nilivyoyaona, maana yeye hataki tena kuyasikia.

Asubuhi moja ya Januari tulipita Liuhua, kwenye masoko ya nguo ya jumla. Maduka mengi yalikuwa yamefungwa, wapagazi hawapo, na baridi yenye unyevu ilipenya mpaka ndani ya soksi. Mama mdogo alicheka tu, akasema soko likilala ndipo mnunuzi anaamka. Tukapanda basi hadi Xintang, kwenye viwanda vya jinzi.

Karakana aliyoizoea ilikuwa na mtu mmoja, mlinzi, mwanamke wa makamo. Vyerehani vilikuwa vimefunikwa. Alituambia bosi amesafiri, lakini tunaweza kuchagua kwenye marobota yaliyo karibu na mlango. Mama mdogo hakuyatazama. Alikuwa ameona suruali moja iliyoning'inizwa peke yake ukutani, buluu iliyokolea, mpya kabisa.

Nilipoulizia bei yake, mlinzi alisema, "Meiyou." Hakuna.

Nilimweleza mama mdogo kwamba ile si ya kuuzwa. Akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, umesoma mpaka umesahau biashara. Mchina akisema meiyou, ndiyo bei inaanza."

Na kweli, ndivyo wafanyabiashara wetu wote wanavyofanya huku. Unakataliwa, unacheka, unaishika bidhaa, unaijaribu, mwishowe muuzaji analegea. Mama mdogo akaitungua, akaivaa juu ya taitsi yake, akajigeuzageuza mbele ya kioo. Ilimkaa vizuri. Mlinzi alikuwa amerudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango.

"Inabana kidogo," mama mdogo alisema.

Kisha akashika kifungo ili aivue.

Hakikufunguka. Kitambaa kilikuwa kinajisokota taratibu mapajani mwake, kama mtu anayekamua nguo iliyolowa. Nikapiga magoti, nikashika pindo, nikavuta kwa nguvu zangu zote.

"Usimvute," mlinzi alinong'ona, akiitazama suruali. "Ukimvuta anakaza."

Nilikuwa nimeshavuta.

Nikasikia mfupa wa paja la kushoto ukivunjika. Kama ubao mkavu. Mama mdogo akaanguka, kichwa kikagonga mguu wa cherehani. Damu ikaloanisha jinzi. Haikudondoka sakafuni. Kitambaa kiliinywa.

Mlinzi akanipa mkasi wa kukatia vitambaa. Akamkalia mama mdogo kifuani, akamziba mdomo kwa kiganja.

"Kata. Na chochote kitakachokushika, kikate pia."

Nikakata. Kitambaa kikajikunja, kikauma mkasi. Nikakata tena. Nikakata jinzi, nikakata taitsi, nikakata nyama. Nilijua ni nyama. Sikuacha. Kipande cha chini kikaachia, na kutoka ndani yake kitu kikanishika kifundo cha mkono. Vidole. Vya baridi. Nikavikata.

Suruali ikalegea.

Mlinzi aliiokota kwa fimbo, akairudisha ukutani. Nilipoinua macho, haikuwa na tundu hata moja.

Hospitalini tulisema ni ajali ya mashine. Madaktari waliunga mfupa kwa chuma, wakafunga majeraha kwa uzi mweusi. Walisema mguu hautakatwa, nikalia kwa furaha. Bandeji ilipotolewa tulikuta mshono mwingine, ambao daktari aliapa hakuushona yeye: uzi wa rangi ya chungwa kama ule wa jinzi, mistari miwili iliyonyooka, ikipanda kutoka kifundo cha mguu. Akaukata, akautoa wote. Kesho yake ulikuwa umerudi.

Mama mdogo sasa yuko Mbeya, anatembea kwa mkongojo. Likizo iliyopita nilirudi nyumbani, nikamsaidia kuoga. Mshono umevuka nyonga, unaelekea mbavuni.

Sindano inayoushona hatujaiona.