Kiti cha Fundi

Haya alinisimulia mjomba wangu, kaka yake mama, na alinisimulia mara moja tu. Mimi sikuongeza chumvi. Kilichotokea baada ya kufa kwake nimekiona kwa macho yangu.

Mtaani walimwita Spana. Alitengeneza magari miaka thelathini na minane, na alikuwa mtu ambaye ukimwuliza saa ngapi, atakueleza saa inavyoundwa. Magari ya zamani ndiyo yaliyokuwa yakimtoa udenda: yale yenye matao makubwa juu ya magurudumu na taa zilizotoka nje kama macho ya chura. Mtu pekee aliyemsikiliza alikuwa mkewe. Mke akimenya vitunguu, mjomba amesimama mlangoni anaeleza habari za kabureta, na mke anaitikia "ehee" panapostahili. Alipofariki yule mama, nyumba ikanyamaza. Sisi wapwa tulikwenda Jumapili, tukakaa nusu saa, tukaanza kutafuta funguo zetu.

Alipostaafu akaamua kwenda ile safari waliyokuwa wameipanga wawili. Siku kumi na mbili ughaibuni: kwanza maonyesho ya magari ya kale, halafu makumbusho, mwisho mashindano ambamo magari ya babu zetu hukimbizwa tena kwenye barabara yalikokimbizwa zamani. Akaenda peke yake. Kila jioni alinitumia ujumbe wa sauti, dakika sita, dakika tisa. Mimi nilimjibu kwa alama ya kidole gumba. Nyingi sikuzisikiliza hadi alipokuwa kaburini, na hilo nitalibeba mwenyewe.

Maonyesho yalikuwa uwanja mzima wa magari yanayong'aa, na kando ya kila gari familia imekunjua viti vyake, inakula na kucheka. Mjomba alipita katikati yao. Aliona gari moja limefungwa nati za magurudumu zisizo zake, akatamani kumwambia mtu. Hakuwa na wa kumwambia. Siku ya tisa, alisema, aligundua kwamba ukiacha jumbe alizonitumia, tangu jana yake hajatamka neno lolote isipokuwa "ahsante", nalo aliiambia mashine ya kahawa.

Siku hiyo ya tisa ndiyo aliyoingia makumbusho.

Ilikuwa katikati ya wiki, saa sita mchana, jua likiingia kupitia vioo vya paa. Chini walikuwapo watu watatu wanne. Ghorofa ya juu, kwenye ukumbi wa magari ya mashindano, hapakuwa na mtu ila mama mmoja msafishaji aliyekuwa akisukuma dekio lake mwisho kabisa, mgongo umegeuka. Sakafu ilinukia sabuni. Mjomba alitembea polepole, mikono nyuma, akisoma vibao kwa lugha ile aliyoiokoteza vitabuni.

Akasimama mbele ya gari moja la kijani, refu, lisilo na paa. Lilikuwa na viti viwili vilivyobanana. Mjomba alijua kwa nini. Zamani hizo dereva hakukimbia peke yake. Pembeni alikaa fundi wake, kazi yake kusikiliza injini na kupampu mafuta kwa mkono njia nzima. Kibao kilisema dereva na fundi wa gari hili walikufa pamoja, kwenye kona moja. Injini iliharibika kabisa, kwa hiyo ilitolewa. Mjomba akainama, akachungulia kwenye matundu ya boneti. Kweli. Aliona vigae vya sakafu upande wa pili.

Alipoinuka alisikia harufu. Haikuwa sabuni. Ilikuwa mafuta ya nyonyo yaliyoungua, yale ambayo injini za mashindano zilitiwa enzi hizo. Alikuwa ameisoma tu harufu hiyo, hakuwahi kuinusa.

"Fundi," sauti ikasema.

Ilisema kwa Kiswahili. Kwa upole, kama jirani anayeita dirishani.

Nilimwuliza kwa nini hakukimbia. "Mwanangu," akasema, "siku tisa hakuna aliyekuwa ameniita."

Akavuka kamba, akaingia, akakaa kile kiti cha pembeni.

Kilikuwa na joto. Joto la mtu aliyenyanyuka sasa hivi.

Mbele yake palikuwa na pampu ndogo ya shaba. Mkono wake ukaishika wenyewe. Akavuta, akasukuma. Akavuta, akasukuma. Chini ya miguu yake kitu kikanguruma, na upepo ukampiga usoni ndani ya ukumbi ule uliofungwa. Hakutazama pembeni. Kwa kona ya jicho aliona glavu mbili za ngozi kwenye usukani. Juu ya zile glavu hakuthubutu kupandisha macho.

Na alikuwa na furaha. Hilo alilisema kwa aibu. Sauti ilimwuliza habari za injini, naye akajibu, na sauti ikaitikia, "Ehee." Mahali panapostahili. Alisema kila kitu alichokuwa hajasema kwa miaka mitatu, tangu mkewe afariki. Vigae vilikuwa vimeondoka. Miti ilikuwa ikipita.

Kisha akasikia injini ikigonga. Ko. Ko. Ko.

Fundi wa miaka thelathini na minane haambiwi mlio ule ni nini. Beringi imekwisha. Chuma kinagonga chuma. Dakika moja, mbili, na injini itapasuka.

"Simama," mjomba akanong'ona. "Injini inakufa. Simamisha gari."

Mwendo ukaongezeka.

"Nakuomba. Mimi ndiye ninayesikia. Simama."

Halafu ile sauti, bado ya upole:

"Na yule wa kwanza aliniambia hivyo hivyo."

Mbele yao barabara ilipinda. Mjomba akaacha pampu. Akapeleka mkono chini ya dashibodi, akapapasa, akaipata koki ya kufungia mafuta. Ilikuwa na kutu. Akaikaza. Haikwenda. Akaikaza tena, vidole vikachubuka.

Ndipo mkono mwingine ukaja juu ya mkono wake.

Ulikuwa mkono mtupu, mgumu, wenye masizi kwenye kucha. Ukaushika wake, ukakaza pamoja naye. Koki ikazunguka.

Mjomba alitazama usukani. Glavu zote mbili zilikuwa palepale.

Ngurumo ikakata. Upepo ukatulia. Akajikuta amekaa kwenye gari lisilo na injini, jua la paa limeegemea ukutani. Ilikuwa karibu saa kumi na moja jioni. Alitoka mle garini kwa kutambaa.

Yule msafishaji alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwenye kamba, dekio limeegemezwa ukutani. Hakugomba. Hakuita mlinzi. Alimtazama mjomba, kisha akatazama nyuma ya bega lake. Akauliza kwa sauti ya chini, na mjomba akaelewa kila neno.

"Mmeshuka wangapi?"

Mjomba alishuka ngazi bila kugeuka.

Kesho yake alikwenda kwenye mashindano, kwa sababu kubaki peke yake chumbani kulimshinda. Jukwaa lilijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Kiti cha kulia kwake kilibaki kitupu. Hakuna aliyekikalia. Mwanamke mmoja alipita mstari ule na chupa yake ya maji. Alipofika kwenye kile kiti akakunja mwili, akapita kwa ubavu kama anayekwepa magoti ya mtu, akainamisha kichwa kuomba radhi. Si kwa mjomba.

Mjomba hakungoja mshindi. Alibadilisha tarehe ya ndege.

Nilimpokea uwanja wa ndege kwa gari langu dogo. Alifungua mlango wa mbele, akasimama kando kidogo kama mtu anayempisha mwenzake, kisha akaufunga taratibu. Yeye akakaa nyuma. Humo njiani ndimo alimonisimulia, macho yake kwenye kile kiti kitupu. Nilidhani ni uchovu na upweke. Nikamwambia alale. Mbele, taa nyekundu ya mkanda wa abiria, ile inayowaka mtu akikaa bila kujifunga, iliwaka njia nzima.

Aliishi miezi minane baada ya hapo. Hakulalamika tena kuhusu ukimya. Nikienda Jumapili nilimsikia kibarazani anazungumza polepole, ananyamaza, anazungumza tena, na nikitokea anakuwa peke yake. Alikufa mchana mmoja akiwa kitini, uso wake mtulivu, chai ikiwa haijapoa. Mkononi alikuwa na tambara la kufutia mafuta.

Nilikaa nyumbani kwake siku nne kupanga nguo zake. Nilifika na gari linalogonga. Nilikuwa nimelisikia njia nzima, nikijua kwamba mtu wa kulisikiliza hayupo tena. Siku ya tano nililiwasha, na halikugonga. Lilinguruma laini, kama paka.

Nikalipeleka gereji. Mpwa wa fundi si fundi, wakati huo sikujua hata pa kutia maji. Fundi wa pale alifungua boneti, akaegemea.

"Dada, nani amekufungia hivi?"

Kila nati juu ya injini ilikuwa imepitishwa waya mwembamba, ukasokotwa na nati ya jirani yake, safi, mikunjo sawasawa kama ususi. Akasema alionyeshwa kazi hiyo mara moja na mwalimu wake wa kwanza, mzee sana, aliyeionyeshwa na mzee mwingine. Hufungwa hivyo gari la mashindano, ili nati isilegee kwa mtikisiko. Siku hizi gari la mtaani halifungwi hivyo. Nikamwuliza kama mjomba angeweza. Akatikisa kichwa: baadaye yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa mjomba, na Spana hakuwahi kufunga waya. Kisha akanusa vidole vyake, akanitazama, akashusha boneti kwa mikono miwili, taratibu, bila kugusa kitu.

Hiyo ni miaka miwili sasa. Waya ule ulianza kuota kutu msimu wa mvua, nikaona mwenyewe, rangi ya kahawia kwenye mikunjo yote.

Jumamosi hii nimefungua boneti kutia maji. Waya ni mpya.