Mguso Ambao Waamuzi Hawakuuona

Kila siku baada ya masomo, Lívia Lusztig alipitia kwa bibi yake, mtaa wa Dob, akala mkate uliopakwa mafuta ya bata bukini, kisha akakimbilia ukumbi wa klabu ya Wayahudi kufanya mazoezi ya kitara, ule mchezo wa kupigana kwa upanga mwembamba usio na makali. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwembamba, na mdomo wake haukujua kupumzika. Watoto wengine wa Budapest walizungumzia mpira. Yeye alizungumzia vitara hata usingizini.

Ukutani mwa ukumbi ule palikuwa na picha za Wayahudi wa Hungaria walioleta medali kutoka Olimpiki. Aliyempenda zaidi ni Jenő Fuchs, aliyeshinda dhahabu London mwaka 1908 na tena Stockholm mwaka 1912. Mjini zilikuwapo klabu zisizotaka kupokea Wayahudi, ilhali bendera ya Hungaria ilipopanda ng'ambo, mara kadhaa ni Wayahudi walioipandisha. Jambo hilo lilimfurahisha Lívia na kumuudhi kwa pamoja, na mimi simlaumu.

Jumapili moja ya mwaka 1934 alifika fainali ya wasichana wa mji. Mshindi angekwenda kushindana Vienna. Hakuna msichana wa klabu yao aliyewahi kupata nafasi hiyo, na Lívia aliitaka kuliko kitu chochote.

"Ukikosa Vienna, usinisalimie," alitania Ervin, rafiki yake wa klabuni.

"Wewe uliyetolewa kwa wavulana asubuhi na mapema ndiye wa kunitisha?"

Mpinzani wake aliitwa Gizella, msichana mrefu kutoka klabu kubwa ya ng'ambo ya mto. Siku hizo hapakuwa na taa za kuonyesha mguso. Waamuzi walikodoa macho tu, na wachezaji wenyewe walikuwa na desturi yao: ukiguswa, hata kama hakuna aliyeona, unasimama na kusema, "Nimeguswa."

Mshindi alitakiwa kufikisha miguso mitano. Walipokuwa nne kwa nne, Gizella alichomoka ghafla, na ncha ya kitara chake ikapita chini ya kiwiko cha Lívia na kumfinya ubavuni. Mwamuzi mkuu aliwatazama wenzake wanne. Wote wakatikisa vichwa: hawakuona kitu.

Lívia alifungua mdomo, kisha akaufunga. Mchezo ukaendelea. Muda si mrefu alimgusa Gizella kifuani, safi kabisa, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Ervin alirukaruka kama kichaa.

Wakavua barakoa zao za waya. Gizella alivua glavu, akampa mkono kama ilivyo ada.

"Hongera," alisema kwa sauti kavu, bila kumtazama usoni.

Lívia aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Mwamuzi mkuu alikuwa ameanza kutangaza matokeo.

"Samahani, bwana mwamuzi," alisema. "Kabla ya huo mguso wangu, yeye alinigusa. Hapa, ubavuni."

"Una uhakika, binti?"

"Nina uhakika."

Ushindi akapewa Gizella.

Katika chumba cha kubadilishia nguo Lívia alilia sana. Ervin alikuwa mlangoni, amefura kwa hasira.

"Una wazimu wewe? Waamuzi wote hawakuona, halafu unagawa ushindi kama peremende!"

Mwalimu Halmos, kocha wao, aliingia akaketi kando ya Lívia.

"Mwalimu, umenikasirikia?"

"Kidogo. Ulichelewa kusema."

"Lakini wale wa ng'ambo ya mto wangenyamaza!" Ervin alidakia. "Na bado watatusema!"

"Watatusema, Ervin. Asiyetupenda hatatupenda kwa sababu Lívia amesema kweli. Hata wakimpigia makofi leo, kesho watatufungia mlango vilevile. Sikuwafundisha desturi hii ili tupendwe."

"Basi ya nini?" Lívia aliuliza, akifuta pua kwa mkono wa koti.

Mwalimu alimgeukia.

"Wapo watu ambao kila Myahudi akishinda, wanasema ameiba. Nimewasikia tangu ujana wangu, na huwezi kuwaziba midomo. Lakini kuna mtu mmoja anayejua kama ushindi ni wako kweli, naye ni wewe. Ukimdanganya huyo, siku wakikuita mwizi utainamisha kichwa, kwa maana utajua hawakukosea. Leo unaweza kumtazama usoni mtu yeyote katika mji huu."

Lívia aliokota kitara chake sakafuni, akakifuta kwa glavu.

"Na Vienna je?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Vienna haihami," alisema Mwalimu Halmos, akainuka. "Kiwiko chako ndicho kitahama. Unakiinua mno, ndiyo maana amepita. Kesho saa tisa, na usichelewe tena."