Mfumo Ulipojifunga Saa Nne

Walikutana katika ukumbi wa huduma uliofurika makandarasi, wiki ambayo zabuni za makaratasi zilikomeshwa na kila mtu akatakiwa kuomba kazi mtandaoni. Binti alikuwa karani wa dawati la msaada, amevaa gauni la kijani, na foleni ilikuwa imekwishampa jina: Dada Mfumo. Mwanamume aliyefika dirishani alivaa shati lililonyooshwa vizuri na buti zilizojaa vumbi la saruji. Alikuwa fundi wa kuezeka, kampuni yake ikiwa na mwaka mmoja tu. Akalalamika kwamba mfumo unamkataa. Dada Mfumo akatazama, akacheka. Fundi alikuwa ameandika nywila ya barua pepe badala ya ile ya mfumo.

"Mashine ikinikataa si neno," akasema fundi. "Wewe je?"

"Mimi bado sijaombwa kitu."

Mapenzi hayakukawia. Miezi mitano simu hazikukoma, asubuhi kuamshana, jioni kutaniana.

Kisha ikatangazwa zabuni ya kuezeka shule sita, kazi ya kumtoa mtu kimaisha. Fundi alikuwa tayari, ila barua ya dhamana kutoka benki ilimfikia asubuhi ya mwisho, na mfumo ungefungwa saa nne. Saa tatu na nusu akapiga simu ya dawati. Faili lilikuwa zito mno. Dada Mfumo akamwelekeza aligawe. Akaligawa. Mfumo ukaikataa sahihi yake. Akaambiwa aanze upya, akaanza. Kwenye kioo cha kompyuta yake, binti hakuona kazi ya fundi hata kidogo. Aliona saa tu, na taa za simu nyingine nne zikisubiri.

"Imefika asilimia tisini, mpenzi. Inazunguka tu," fundi akasema.

"Usiguse kitu."

Saa nne kamili, mfumo ukajifunga.

"Nifungulie," fundi akasema polepole. "Dakika moja tu. Wewe si uko humo ndani?"

"Sina pa kufungulia. Hakuna mwenye uwezo huo hapa."

"Hata kwangu mimi?"

Simu ikakatwa. Tangu hapo fundi hakupokea tena simu zake.

Dada Mfumo aliwaandikia wakubwa barua, akieleza kila kosa ulilotoa mfumo na dakika yake, na kuomba fundi afunguliwe. Shangazi yake, aliyekuwa akiishi naye, alimwona anavyosukuma sahani ya chakula, akamwambia aache kujitesa kwa jambo lisilo mikononi mwake. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, mistari miwili: muda umepita, ombi limekataliwa. Nakala ikapelekwa kwa fundi, pamoja na ile barua ya binti.

Siku ya pili yake fundi alikuwa dirishani, begi begani.

"Nilidhani ufunguo unao, ukaninyima."

"Ningekuwa nao," akajibu, "leo ningekuwa nimeshafukuzwa kazi kwa ajili yako."

Fundi akainamisha kichwa. Akamweleza kwamba aliyeshinda zabuni amemchukua kama msimamizi, miezi minane, mji wa mbali, na gari linaondoka baada ya saa moja.

"Niambie nisiende."

Binti alitamani kumwambia. Lakini mtu hali matamanio. "Nenda," akasema.

"Nikirudi, nikuoe?"

Binti akaitikia kwa kichwa. Nyuma ya fundi mtu akakohoa, akauliza kama dirisha hili linafanya kazi. Fundi akaweka kiganja kwenye kioo kilichowatenga, akakiacha hapo kidogo, akaondoka. Dada Mfumo akafuta macho, akamwita anayefuata.