Joto la Bahari na Matofali Mabichi

Watu walimwita Mama Udongo kwa sababu ya mikono yake. Hata akioga, udongo haukumtoka kwenye kucha. Yeye na mumewe walifyatua matofali nyuma ya nyumba yao.

Mwaka huu matofali hayakuwa ya kuuza. Yalikuwa ya kujenga chumba cha mama mkwe. Bibi huyo alilala jikoni, penye moshi, na kifua kilimbana. Kila alipokohoa, Mama Udongo aliumia moyoni. Alishaamua: kabla ya baridi kuisha, mama atahamia chumbani kwake.

Wafyatuaji wa mtaa ule walikuwa na mazoea yao. Msimu wa baridi hawakufunika matofali mabichi. Baridi yao ilikuwa kavu, na upepo uliyakausha vizuri. Aliyefunika aliambiwa anayavisha matofali nguo.

Jioni moja alipita jirani yao, mfanyakazi wa kituo cha hali ya hewa. Mtaani walimtania kwa kumwita Bi Mvua. Aliyatazama matofali yaliyoanikwa.

"Dada, haya mtayafunika lini?" aliuliza.

"Ya nini?" mume alidakia. "Mwaka jana baridi yote halikudondoka hata tone."

"Mwaka jana bahari ilikuwa imepoa, shemeji. Mwaka huu imepata joto."

Mume alicheka. "Bahari gani? Hapa hata samaki tunamwona sokoni, tena mkavu."

Mama Udongo hakucheka. "Tueleze, dada. Bahari ya huko mbali inatuhusu nini?"

"Ukichemsha maji jikoni, kioo cha dirisha la sebuleni si kinatoka jasho?"

"Kinatoka."

"Basi. Katikati ya dunia kuna bahari kubwa sana. Miaka mingine maji yake ya juu yanapata joto kuliko kawaida. Miaka mingine yanapoa. Yakipata joto, mvuke mwingi unapanda na mawingu makubwa yanajengeka. Hapo pepo za juu sana angani zinabadili njia, na mvua inabadili njia pamoja nazo. Nchi nyingine za mbali zinapata baridi yenye mvua. Nyingine zinapata baridi kavu zaidi. Sisi huwa tunaangukia kwenye mvua."

"Una hakika itanyesha?"

"Hapana. Nasema uwezekano umeongezeka. Ndiyo maana tunawaambia mapema. Jiandaeni, na msikilize utabiri kila wiki."

Bi Mvua alipoondoka, mume alikuna kichwa. "Tukifunika, mtaa mzima utatucheka."

"Wacheke," alisema Mama Udongo. "Mama zao hawalali jikoni."

Kesho yake waliyapanga matofali juu ya mawe, yasiguse ardhi. Walichimba mtaro kuyazunguka. Juu waliweka mabati, lakini pembeni wakaacha wazi ili upepo upite. Majirani waliuliza kama matofali yanataka na blanketi.

Wiki zikapita bila mvua. Mume akaanza kunung'unika. Siku moja alishika bati ili aliondoe.

"Liache," alisema mkewe.

"Lakini jua hili..."

"Baba, nimesema liache."

Akaliacha, midomo ameivuta.

Siku chache baadaye, utabiri ulitangaza mvua kubwa. Ilinyesha usiku kucha na mchana wake wote. Uwanja baada ya uwanja, matofali ya majirani yaligeuka tope. Ya Mama Udongo yalilowa kidogo pembeni, basi. Mume aliyakagua yote. Kisha alichukua jembe na kwenda kwa jirani wa kwanza kumsaidia kuchimba mtaro. Hakuna aliyecheka tena.

Matofali yalipokauka, waliyachoma. Chumba kilijengwa, kikaezekwa, na mama akahamia kabla baridi haijaisha.

Siku zote mama huyo ndiye aliyeamka wa kwanza, kwa kukohoa. Asubuhi ya kwanza baada ya kuhamia, mvua ilikuwa inanyesha tena. Mama Udongo alisikiliza mlangoni, hakusikia kikohozi, kisha akafungua polepole.

Mama mkwe alikuwa bado amelala fofofo.