Pigo la Tatu

Nilikwenda kufunga madirisha. Hilo tu.

Tulikuwa tumemzika mama yetu siku hiyohiyo, saa tisa alasiri, na katika pilikapilika za msiba hakuna aliyekumbuka kwamba nyumba yake imeachwa wazi na mawingu yanajikusanya. Mimi ndiye mkubwa, na funguo zilikuwa kwangu. Nilifika langoni saa kumi na mbili na robo jioni. Nilifunga dirisha la sebuleni, kisha la jikoni, kisha la chumba chake, ambamo godoro bado lilikuwa na umbo la mgongo wake. Halafu nikatokea mlango wa nyuma ili niufunge kwa nje.

Mama alikuwa amekaa barazani.

Alikaa kwenye kiti chake cha siku zote, mikono juu ya mapaja, macho yamefumbwa, katika gauni lile la kijivu nililomvisha mwenyewe asubuhi. Upindo wa gauni ulikuwa na udongo mbichi. Mikono yake ilikuwa safi. Na hewa ya pale barazani ilinuka jiwe lililopasuliwa sasa hivi, harufu kavu, yenye moto kwa mbali...

Harufu ile niliijua. Mji mzima uliijua.

Ili nieleweke, lazima nirudi nyuma kidogo. Mimi ni mpima wa majengo. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba kinachosemekana kimenyooka kimenyooka kweli. Kwa miaka miwili nilikuwa kwenye jengo la ghorofa saba pamoja na mdogo wangu, fundi wa majukwaa, ambaye wenzake humwita Paka kwa namna anavyoparamia mabomba. Paka ndiye mtu wa kwanza kudakwa. Ilikuwa wiki moja baada ya kimondo kuangukia machimbo ya mawe nje ya mji. Aliteleza ghorofa ya tano, na kabla hajafika chini, kitu kilikuwa chini yake. Kilimtua juu ya lundo la mchanga kama mtu anavyotua yai.

Kilikuwa na umbo la mtu, na kilinuka jiwe lililopasuliwa. Mabegani kilikuwa kimejitanda turubai letu jekundu, kwa kuwa, nadhani, mtu wa kwanza kiliyemwona alikuwa mlinzi wetu wa lango, ambaye mvua ikinyesha hujifunika turubai hilohilo. Uso kilikuwa kimeuchukua kwa Paka. Lakini hakikuuchukua uso wa Paka akicheka, wala akila. Kilichukua uso aliokuwa nao akianguka: macho yametoka, mdomo umeachama. Hakijawahi kuubadilisha. Naamini kilidhani nyuso zetu ndivyo zilivyo.

Watu walimwita Mdaka, wakampenda. Aliwadaka wapaka rangi na wasafisha madirisha; alilidaka basi lililopinduka kutoka darajani, akalirudisha barabarani na abiria wote. Watoto walijifunga vitambaa vyekundu shingoni. Mama mdogo wetu peke yake ndiye aliyekataa kumsifu. Alisema ni jini, na jini hata likikutendea wema lina lake moyoni. Mimi nilimcheka, tena kwa majivuno ya mtu aliyesoma.

Ilituchukua mwezi mzima kutambua kwamba Mdaka hakuwa akiokoa watu. Alikuwa akizuia kushuka. Tukiteremsha ndoo ya kifusi kwa kapi, tuliikuta imerudishwa juu, imewekwa taratibu pale ilipotoka. Niliona pia kwamba anapokaribia, timazi langu, ile risasi yenye ncha inayoning'inia kwenye uzi kuonyesha wima, hupoteza uzito wake. Uzi hulegea. Nikiuona umelegea, sihitaji kugeuka.

Kazi ingekwama kama si Nyapara, msimamizi wetu, kuleta kengele ya shaba ya mkononi. Pigo la kwanza: mzigo umefungwa. Pigo la pili: watu waondoke chini. Pigo la tatu: teremsha. Alikusudia kutuweka sawa sisi, lakini baada ya wiki mbili Mdaka naye aliacha kugusa ndoo zilizopigiwa kengele mara tatu. Tulifurahi sana. Tulijiambia kwamba sasa amejua tofauti kati ya mtu na mzigo.

Ndiyo maana pale barazani sikupiga kelele. Nilimpigia simu Paka. Alifika mbio, akapiga magoti mbele ya kiti, akamshika mama mikono.

"Amemrudisha," alinong'ona. "Dada... labda ameona kitu ambacho sisi hatukioni. Labda hajafa."

Niliweka vidole shingoni mwa mama na kuhesabu dakika nzima, ingawa nilijua.

"Amekufa, mdogo wangu."

Paka alikuwa akitazama juu, kwenye mti wa umeme nyuma yangu, alikosimama Mdaka, na machoni mwake nilisoma shukrani.

Tulimzika mara ya pili asubuhi yake, kimya kimya, watu wanne. Nyapara alileta bamba la zege la kufunika, akalipachika mwenyewe. Alisema amewahi kuona nyumba ikikataa kusimama, lakini kaburi likikataa kukaa, hilo ni geni kwake hata kwa umri wake. Hakuna aliyecheka, naye hakutarajia tucheke.

Jioni bamba lilikutwa limelazwa pembeni, halina hata ufa. Mama hakuwa barazani.

Alikuwa juu ya paa.

Mdaka alimkalisha kwenye mgongo wa paa, juu kabisa, kana kwamba baraza halikuwa mbali vya kutosha na ardhi. Mabati mawili yalikuwa yamelegea kwa uzito wa hatua zake. Majirani wote walimwona mama yangu pale juu, gauni likipepea, kichwa kimeinama kidogo kama mtu anayesinzia safarini. Mimi na Paka tulimshusha kwa ngazi, hatua kwa hatua, Mdaka amesimama ng'ambo ya barabara akitutazama. Alituacha tumshushe, kwa sababu tulikuwa tumemshika. Nadhani kwake mtu anayeshikwa bado haanguki.

Usiku ule mama mdogo alinifuata jikoni, akafunga mlango.

"Mwanangu, watu wanasema ni wewe," alinong'ona. "Wanasema umemfanya mama yako msukule. Eti vyombo vyako vya kupimia ndivyo unavyomwitia."

"Na wewe unasemaje, mama mdogo?"

Aliniangalia kama anavyoangalia nguo akitafuta pale ilipochanika.

"Mimi nasema dada yangu amechoka. Mlaze."

Nililitafakari jambo lile hadi alfajiri. Mama aliugua miezi kumi na mmoja. Mwishoni aliomba jambo moja tu, apumzike. Nilikuwa nimemwahidi. Nami nilikuwa na njia, iliyokuwa imetundikwa kwenye msumari ndani ya stoo ya vifaa.

Paka alinikuta naifunga kengele ndani ya kitambaa. Alisimama mlangoni, akanizuia kwa mkono.

"Hiyo ni ya kifusi, dada," alisema. "Usimpigie mama."

Nilimweleza kwamba hakuna lugha nyingine ambayo Mdaka anaielewa. Alisema hilo ndilo linalomtisha. Nilimpita. Laiti ningesimama nikamsikiliza...

Mazishi ya tatu yalikuwa saa kumi na moja jioni. Paka, Nyapara na mafundi wawili walishika kamba za jeneza. Mfuniko tuliuacha wazi hadi dakika ya mwisho, kwa ombi la mama mdogo, aliyetaka kumwona dada yake. Nilikuwa nimetundika timazi kwenye tawi ili nijue. Uzi ulikuwa umenyooka.

Kisha ukalegea.

Alisimama kichwani mwa kaburi, upande wa pili. Upepo ulikuwa mkali, lakini turubai lake halikutikisika. Ule uso wa mdogo wangu, umeachama, ulimwelekea mama. Tulifunga mfuniko. Nikapiga mara ya kwanza. Nikapiga mara ya pili, mafundi wakajipanga. Mkono wangu ulikuwa mzito kana kwamba uzito wote wa timazi umehamia ndani yake.

Nikapiga mara ya tatu.

Jeneza likashuka. Hakulizuia. Lilipogusa chini aliinama, akachungulia shimoni kwa muda mrefu, akaitazama kengele, kisha akatutazama sisi, mmoja baada ya mwingine, kila mtu kwa muda uleule. Nilipofikiwa mimi niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Ndani ya ule mdomo ulioachama, kitu kilikuwa kikicheza taratibu, kwenda na kurudi. Kilifanana na ulimi wa kengele.

Mama hakurudishwa tena. Siku ya kwanza, ya pili, ya nane. Majirani walianza kunisalimia. Mama mdogo alinishika uso kwa mikono miwili akalia. Nililala usingizi mzito.

Siku ya tisa, saa sita na nusu, mafundi walikuwa wakipumzika. Fundi wa kuchomelea alikaa ukingoni mwa ghorofa ya tatu, mgongo kwenye nguzo, akafumba macho. Alizoea kufanya hivyo. Tangu Mdaka aje, hakuna aliyeogopa ukingo. Nilikuwa chini nikiandika vipimo. Nikasikia kengele.

Pigo moja.

Niliinua kichwa. Hakuna mtu aliyekuwa kwenye kapi, na hapakuwa na mzigo.

La pili. Watu walisogea kutoka chini ya jengo kwa mazoea, bila kufikiri, kama tulivyofundishana.

La tatu.

Fundi hakuteleza. Ukingo ulimwachia tu. Mdaka alikuwa hatua mbili kutoka pale, amesimama hewani, akamtazama akishuka mpaka mwisho.

Nyapara alinivuta nyuma ya rundo la matofali. Midomo yake ilikuwa imepauka. Aliniuliza kengele iko wapi. Nilimwambia iko kwenye mtoto wa meza nyumbani kwangu, nimeitoa ulimi.

"Basi imetoka mdomoni mwake," alinong'ona. "Dada Mpima... ni nani aliyemwonyesha kwamba mtu naye hupigiwa?"

Alijua ni nani. Alikuwa ameshika kamba.

Tangu hapo nimejaribu kufikiri kama anavyofikiri yeye, na kila nikijaribu kichwa huniuma. Nilichokipata ni hiki. Miezi yote ile aliamini kwamba hatupaswi kushuka kamwe. Kisha mimi, mbele yake, nikamwonyesha mtu mwenye uso, aliyetulia, aliyefumba macho, na nikamtangaza kwa kengele. Sidhani kama alikasirika, na sidhani kama alimchukia fundi yule. Nadhani alimwona ametulia, amefumba macho, na sisi wote tumesahau kumpigia kengele. Akatusaidia.

Nilikwenda nyumbani kwa mama kumwonya Paka jioni ileile. Nilimkuta hayumo ndani. Ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani. Alikuwa amepanda kugongomea yale mabati mawili yaliyolegea, akamaliza, na uchovu wa siku nyingi ukamshinda. Alikuwa amejilaza juu ya paa, nyundo kifuani.

Macho yamefumbwa.

Harufu ya jiwe lililopasuliwa ilinijia kabla sijafungua mdomo. Mfukoni mwangu timazi likawa jepesi kama ganda la yai.

Pigo la kwanza.

Nilimwita. Hakusikia. Nilipanda ngazi.

Pigo la pili.

Nilimshika kifundo cha mguu, nikakibana kwa nguvu zangu zote.

"Fumbua macho," nilinong'ona. "Usiangalie juu. Fumbua macho, unitazame mimi."

Aliyafumbua. Juu yake, kimo cha mkono mmoja tu, uso wake mwenyewe ulikuwa ukimtazama, mdomo wazi, na ndani yake ule ulimi ulikuwa umesimama katikati ya safari yake. Ulisubiri... ukasubiri... kisha turubai jekundu likainuka bila kishindo na kuondoka.

Nilimshusha Paka nikiwa nimemshika kila hatua.

Hapandi tena majukwaa. Anaishi nami, chumba cha chini, godoro limelazwa sakafuni moja kwa moja, kwa kuwa kitanda kina kimo na kimo kina ukingo. Tunalala kwa zamu. Anapolala yeye, mimi humshika mkono. Lakini mimi pia ni binadamu, na juzi kuelekea alfajiri nilisinzia, mkono ukanitoka. Nilipozinduka timazi lililotundikwa dirishani lilikuwa limelegea. Kengele haikupigwa. Haihitaji kuanza upya; mzigo ulikwisha kufungwa, na watu walikwisha kuondoka chini. Limebaki pigo moja.

Nilijipa moyo kwamba mtu aliyelala sakafuni hana pa kushukia. Asubuhi, kwa mazoea ya kazi tu, nilivuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta, nikapima sakafu chini ya godoro lake. Zege halina ufa. Lakini pale anapolala, limedidimia milimita mbili.

Leo nimepima tena. Ni milimita nne.